Mabao 36 tu katika NHL: je, Vyacheslav Fetisov alistahili sifa zote zile?

MpendaTakwimu (Nairobi) ameuliza:

Salaam wanajukwaa.

Nimekuwa nikifuatilia hoki ya barafuni tangu vijana wa Ice Lions walipoanza kuzungumziwa hapa Nairobi kwa mazoezi yao katika ule uwanja mdogo wa barafu wa barabara ya Mombasa, na udadisi huo umenifikisha kwenye wasifu wa wachezaji wa zamani. Kati yao wote, aliyenishinda kumwelewa ni beki wa Kirusi, Vyacheslav Fetisov.

Mwaka 2008, Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni lilipotimiza miaka 100, wataalamu 56 waliombwa kuteua kikosi bora cha wachezaji sita wa karne nzima, na Fetisov akapata kura 54, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote, Wayne Gretzky akiwamo. Lakini nikifungua kumbukumbu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, naona amecheza mechi 546 katika misimu tisa, akafunga mabao 36 na kutoa pasi za mabao 192. Hizo ni takwimu za beki mzuri. Beki bora wa karne simwoni ndani yake. Isitoshe, New Jersey Devils, klabu ya ligi hiyo, walimteua mwaka 1983 (yaani walipata haki ya kumsajili), naye hakufika kwao hadi 1989. Wajuzi, naomba mnieleze mambo mawili: wale wapiga kura waliona nini ambacho takwimu hizi hazionyeshi, na ile miaka sita ilipotelea wapi?

Kipanga_DSM amejibu:

Ndugu MpendaTakwimu, tuanze na tarehe. Fetisov alizaliwa Moscow tarehe 20 Aprili 1958, maana yake ni kwamba alipovaa jezi ya New Jersey kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1989 alikuwa na miaka 31, umri ambao mabeki wengi huwa wamekwisha kuanza kuteremka. Ulichokisoma katika kumbukumbu za NHL ni nusu ya pili ya maisha yake ya mchezo. Nusu ya kwanza aliichezea CSKA, klabu ya jeshi la Kisovieti, ambayo ilitwaa ubingwa wa nchi mara 13 mfululizo kuanzia 1977 hadi 1989, pamoja na timu ya taifa, ambako alipata dhahabu sita kati ya saba zake za ubingwa wa dunia na dhahabu mbili za Olimpiki, Sarajevo mwaka 1984 na Calgary mwaka 1988. Katika ligi ya Kisovieti pekee alifunga mabao zaidi ya 150, na huyo ni beki. Doa kubwa la miaka ile ni medali ya fedha ya Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980, walipofungwa 4–3 na vijana wa vyuo wa Marekani. Fetisov alikuwa na miaka 21.

Hata hivyo mataji hayo hayatoshi kukujibu, kwa kuwa yalipatikana na timu nzima. Walichokiona wapiga kura, kwa maoni yangu, ni namna alivyocheza. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kocha Viktor Tikhonov aliwapanga Fetisov na Alexei Kasatonov nyuma, na mbele yao akawaweka Vladimir Krutov, Igor Larionov na Sergei Makarov. Watano hao, walioitwa Kikosi cha Kijani kwa sababu ya rangi ya jezi zao za mazoezini, waliingia uwanjani pamoja na kutoka pamoja, mwaka baada ya mwaka. Katika hoki ya Kanada ya wakati ule, timu iliyozibiwa njia katikati ya uwanja ilikipiga kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira hadi nyuma ya goli la mpinzani, kisha ikakikimbilia na kukigombania kwa mabega. Wasovieti waliona kufanya hivyo ni kumgawia mpinzani mali yako bure. Wao wakizibiwa, walirudi nyuma. Fetisov alikipeleka kisahani hadi karibu na goli lake mwenyewe, Larionov akashuka kukipokea, mawinga wakabadilishana pande, na wakati wapinzani wakihangaika kujua nani amkabe nani, beki yuleyule aliyeanzisha pasi alikuwa amekwisha kupenya katikati yao bila kisahani, akitokea mbele kama mshambuliaji wa nne.

Kuhusu ile miaka sita, fahamu kwamba klabu hiyo ilikuwa ya jeshi kwelikweli. Wachezaji walikuwa maofisa wenye vyeo, Fetisov akiwa meja, na sehemu kubwa ya mwaka waliishi kambini Arkhangelskoye, nje kidogo ya Moscow, hata wenye wake na watoto. Devils walikuwa na haki ya kumsajili kwa kanuni za NHL, lakini kanuni hizo hazikuwa na nguvu yoyote juu ya ofisa wa jeshi la Kisovieti. Montreal Canadiens nao walikuwa wamemteua mwaka 1978 wasiambulie kitu. Baada ya dhahabu ya Calgary aliahidiwa ruhusa, ahadi ikavunjwa, naye akafanya jambo ambalo halikutarajiwa kwa nahodha wa timu ya taifa: alikataa hadharani kuendelea kumchezea Tikhonov. Alifungiwa milango ya mazoezi, na kwa maelezo yake mwenyewe aliitwa mbele ya waziri wa ulinzi, Dmitry Yazov, akatishwa. Kutoroka kuliwezekana, kwani timu ilisafiri nje kila mwaka, ila yeye alitaka kuondoka na pasipoti yake mkononi, akiwa na haki ya kurudi nyumbani apendapo. Mashindano ya dunia ya Stockholm yalipokaribia, mwezi Aprili 1989, wenzake akina Larionov, Makarov na Krutov walitangaza kwamba bila yeye hawaendi. Akarudishwa, timu ikachukua dhahabu, na yeye, aliyekuwa ametengwa kwa miezi, akachaguliwa beki bora wa mashindano.

Bint_Pangani amejibu:

Namshukuru ndugu Kipanga kwa maelezo yenye uzito. Nina hoja mbili za kuongeza, na moja inapingana naye.

Ya kwanza ni ya umri. Makarov alizaliwa mwaka uleule wa 1958, akaingia NHL msimu uleule kwa upande wa Calgary Flames, akapata pointi 86 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja) na kutwaa tuzo ya mchezaji chipukizi bora akiwa na miaka 31. Watu walilalamika sana, hadi NHL ikabadili kanuni ili tuzo hiyo wapewe wenye umri chini ya miaka 26 peke yao. Kwa hiyo tusiseme Fetisov alififia kwa sababu ya miaka yake, maana rika lake aling'ara.

Ya pili ni kwamba husikika mara nyingi madai kuwa Fetisov ndiye aliyewafungulia Warusi mlango wa NHL, na madai hayo yanawapunja wengine. Mchezaji wa kwanza kuruhusiwa rasmi na wakubwa wa Kisovieti alikuwa Sergei Priakin, aliyejiunga na Calgary mwezi Machi 1989, huku Fetisov bado akizungushwa. Larionov naye alikuwa ameandika barua ya wazi katika jarida la Ogonyok mwaka 1988, akiyaanika maisha ya kambini na mwenendo wa Tikhonov kwa umma wote, jambo ambalo lingeweza kumgharimu kila kitu. Kisha Alexander Mogilny, kijana wa miaka 20, alitoroka Stockholm mara tu baada ya dhahabu ileile aliyoitaja ndugu Kipanga, akaelekea Buffalo. Baada ya hapo wakubwa wa Moscow walijua kwamba wakimzuia mchezaji wanaweza kumpoteza bila kupata hata senti. Sioni haki ya kumtukuza aliyebaki kupigana na kumnyamazia aliyekimbia, ilhali wote wawili waliusukuma mlango uleule.

MpendaTakwimu ameandika:

Dada Bint_Pangani, hoja ya Makarov imenigusa kwa kuwa ndiyo hasa iliyokuwa ikinisumbua. Nimeangalia pia Krutov: alikaa msimu mmoja tu Vancouver, pointi 34, kisha NHL ikamshinda. Watu watatu waliocheza pamoja miaka yote hiyo, mmoja akang'ara, mmoja akaanguka, mmoja akawa wa kawaida. Tofauti ilitoka wapi?

Kipanga_DSM amejibu:

Dada Bint_Pangani, la Mogilny nakubaliana nawe bila ubishi. La Makarov linahitaji kuangaliwa kwa undani zaidi.

Mwaka 1989 kikosi kile kiligawanywa: Makarov akaenda Calgary, Larionov na Krutov Vancouver, Fetisov New Jersey. Makarov alikuwa winga mwenye uwezo wa kumpita mtu peke yake, na Calgary aliyoingia ndiyo iliyokuwa imetoka kunyakua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, yenye washambuliaji wa kila aina. Beki wa namna ya Fetisov yuko katika hali tofauti kabisa. Akirudi nyuma na kisahani kama alivyozoea, anahitaji mtu wa kushuka kukipokea. Wa New Jersey walikuwa wamefundishwa kukimbia mbele na kungoja kisahani kipigwe kwenye kona. Akipanda bila kisahani, anahitaji mwenzake ajue kwamba nafasi aliyoiacha ni ya kuzibwa. Hayo CSKA yalifanywa bila kusemezana.

Kulikuwa pia na mapokezi yenyewe. Vita Baridi havikuwa vimekwisha katika vichwa vya watu, na Mrusi aliyekuja kuchukua nafasi ya Mkanada alipigwa na wapinzani, akazomewa na mashabiki, na hata ndani ya chumba cha kubadilishia nguo hakukaribishwa na wote. Katikati ya msimu huohuo Devils wakamleta Kasatonov, wakidhani wamemletea ndugu. Kumbe wakati wa mgogoro na Tikhonov, Kasatonov alikuwa amesimama upande wa kocha, na urafiki wao wa tangu ujana ulikuwa umekufa. Mabeki hao wawili wakapangwa pamoja tena, wakapeana pasi usiku kucha, na nje ya uwanja hawakuzungumza. Ukitaka kujua hali ya Fetisov kwa miaka ile, picha hiyo inatosha.

Sasa rudi kwenye takwimu zako, ila acha mabao, hesabu pasi za mabao. Msimu wa kwanza alitoa 34. Misimu minne kamili iliyofuata hakufikisha 25 hata mara moja, na ikaonekana wazi kwamba mzee amekwisha. Mwezi Aprili 1995 Devils wakamuuza Detroit Red Wings kwa nafasi moja ya raundi ya tatu ya uteuzi wa wachezaji, bei ya mtu asiyetarajiwa kufanya lolote. Msimu wa 1995–96, akiwa na miaka 37, alitoa pasi za mabao 35, nyingi kuliko msimu wowote mwingine aliocheza NHL. Miguu haikuwa imerudi ujana. Kilichorudi ni wale watu wa kucheza nao.

Mama_Wawili_Michigan amejibu:

Nimefurahi kukuta Detroit imetajwa, kwa kuwa huku Michigan simulizi hii bado ni ya mezani hata kwa wasioipenda hoki.

Kocha Scotty Bowman alikuwa na Warusi wanne kikosini, yaani Fetisov, Sergei Fedorov, Vladimir Konstantinov na Vyacheslav Kozlov, na mwezi Oktoba 1995 akamtoa mfungaji mzuri, Ray Sheppard, ili ampate Larionov kutoka San Jose. Tarehe 27 Oktoba aliwaingiza wote watano pamoja kwa mara ya kwanza, dhidi ya Calgary, na kile ambacho ndugu Kipanga amekieleza kikaonekana kwenye barafu ya Marekani: wanarudi nyuma, wanazunguka, wanapeana pasi fupi, na wapinzani hawakigusi kisahani. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Desemba, Red Wings waliwafunga Montreal 11–1 kwao wenyewe, Kozlov akifunga manne, usiku ambao golikipa Patrick Roy aliachwa langoni hadi bao la tisa na kuapa kwamba hataichezea Montreal tena. Msimu ule Detroit walishinda mechi 62, rekodi ya wakati huo, ingawa Kombe liliwaponyoka mbele ya Colorado.

Walilipata mwaka uliofuata. Tarehe 7 Juni 1997 waliwamaliza Philadelphia Flyers katika uwanja wa Joe Louis, Kombe la kwanza la Detroit baada ya miaka 42. Nahodha Steve Yzerman alipomaliza kulizungusha alimkabidhi Fetisov, naye hakulichukua peke yake. Alimwita Larionov, wakalishika huku na huku na kuteleza nalo pamoja. Miaka minane kabla ya hapo watu hao wawili walikuwa wakihatarisha kila walichonacho kwa ajili ya ruhusa tu ya kuja kujaribu.

Siku sita baadaye, tarehe 13 Juni, Fetisov, Konstantinov na mkandaji wa timu, Sergei Mnatsakanov, walitoka kwenye sherehe ya timu ndani ya gari refu la kukodi, lililokodiwa makusudi ili asiwepo atakayeendesha akiwa amekunywa. Dereva wao alikuwa amenyang'anywa leseni. Gari liliacha barabara ya Woodward, eneo la Birmingham, likagonga mti. Konstantinov na Mnatsakanov waliumia ubongo kiasi cha kutorudi tena katika maisha yao ya awali. Fetisov aliumia kifua, akapona. Mwezi Agosti yeye, Larionov na Kozlov walilipeleka Kombe la Stanley Moscow, mara ya kwanza kwa Kombe hilo kufika Urusi. Fetisov alikuwa na umri na sababu ya kustaafu, lakini alirudi kwa msimu mmoja zaidi, timu nzima ikivaa kifuani kiraka chenye herufi za mwanzo za majeruhi wale wawili. Mwezi Juni 1998 waliwashinda Washington Capitals mechi nne bila jibu, Konstantinov akasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi katikati ya barafu, na Kombe likawekwa mapajani mwake kabla ya kushikwa na wengine. Msimu huo Fetisov hakufunga bao hata moja. Huku hakuna anayemkumbusha.

Mhariri_Mstaafu amejibu:

Nitaongeza machache kuhusu yaliyofuata, kwa kuwa wengi huishia mwaka 1998.

Alirudi New Jersey, safari hii akiwa kocha msaidizi, na timu ikachukua Kombe mwaka 2000. Mwaka 2001 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki mjini Toronto. Larionov alisubiri hadi 2008, na Makarov hadi 2016. Mwaka 2002 aliiongoza Urusi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City akiwa kocha mkuu, wakapata shaba, na mwaka huohuo Rais Putin akampa usimamizi wa michezo ya nchi nzima, kazi aliyoishika hadi 2008. Hapo ndipo mashabiki wake hugawanyika, kwani mtu aliyeukaidi uongozi wa Kisovieti akawa kiongozi wa serikali, kisha seneta, na mwaka 2016 akawa mbunge wa Duma, baraza la chini la bunge la Urusi. Mimi naona hakuna fumbo kubwa: hakuwahi kuikana nchi yake hata wakati wa mgogoro, alipingana na watu waliomfungia, na ndiyo maana alikataa kutoroka. Anayetaka kumhukumu kwa siasa zake za leo ana haki, mradi asiyarudishe nyuma hadi mwaka 1989.

Mwezi Desemba 2009, akiwa rais wa CSKA na mwenye miaka 51, alivaa viatu vya barafu akacheza mechi moja rasmi ya ligi dhidi ya SKA ya Saint Petersburg, kwa kuwa klabu ilikuwa na upungufu wa mabeki. Na kwa ndugu yetu wa Nairobi: Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapo Gigiri, lilimteua kuwa mlezi wake wa maeneo ya ncha za dunia, kwa hiyo jina lake halikuwa geni kabisa katika mji wako.

MpendaTakwimu ameandika:

Nawashukuru nyote. Swali la mwisho: nikitaka kumwona mwenyewe akiwa katika ubora wake, bila kutegemea simulizi wala takwimu, nianze na mechi ipi?

Bint_Pangani amejibu:

Anza na fainali za Kombe la Kanada za mwaka 1987, ambazo picha zake zipo kamili na zinaonekana vizuri. Zilikuwa mechi tatu kati ya Kanada na Wasovieti, na zote zilikwisha 6–5. Fetisov alikuwa na miaka 29, watano wote walikuwa pamoja, na upande wa pili walikuwapo Gretzky na Mario Lemieux katika jezi moja.

Chukua mechi ya pili, ya Hamilton, iliyofika muda wa nyongeza wa pili kabla ya Lemieux kufunga bao lake la tatu na kuimaliza. Usimfuate mwenye kisahani. Itafute jezi namba 2 ya Wasovieti na ubaki nayo, hasa pale wanapokipata kisahani karibu na goli lao wakiwa wamebanwa: utamwona akigeuza uso nyuma, akipoteza sekunde mbili kwa makusudi, na ghafla njia inafunguka upande ambao hakuna aliyekuwa akiuangalia. Utaona pia udhaifu wake, kwani Wakanada walimgonga kila walipopata nafasi, na kuna nyakati alichelewa kurudi baada ya kupanda. Mechi ya tatu iweke ya baadaye. Iliamuliwa na bao la Lemieux kwa pasi ya Gretzky, zikiwa zimebaki dakika moja na sekunde 26, na ukianza nayo utakuwa ukingoja bao hilo tu.